Jiki na siki havichanganywi, hata marumaru ziwe chafu vipi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Mwanza: changanya jiki na siki, mwaga kwenye mistari ya marumaru bafuni, povu litang'oa uchafu wote. Si kweli, na ni hatari. Siki ni asidi, na jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na bafu nyingi zina kidirisha kimoja tu. Soma lebo ya jiki: onyo la kutoichanganya na asidi huandikwa humo.

Povu ndilo linalowachanganya watu. Mistari ile kwa kawaida ni ya saruji, na asidi huila saruji; hapo ndipo povu hutokea. Tumbukiza kipande cha grauti (saruji ya mistari hiyo) kilichobanduka ndani ya siki usiku kucha; asubuhi uso wake umelainika, unatoka unga. Sakafuni, mistari iliyoliwa hivyo hunyonya maji na kushika uchafu upesi zaidi.

Tumia bekingi soda, vijiko 3 kwa kijiko 1 cha maji. Paka, subiri dakika 10, sugua kwa mswaki mgumu, suuza. Ukiita fundi, iwe Nyegezi au Kirumba, mwulize anatumia dawa gani, kisha ajaribu kwanza nyuma ya mlango. Akitaja tindikali, mkatalie. Na ujumbe ule ukikufikia tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.