Ligi Kuu ya Ukraine 1992: bingwa aliyepatikana kwa mechi 19

Kazi yangu ni kuchambua mifumo ya mashindano, na nikiulizwa ni wapi ratiba iliamua mengi kuliko wachezaji wenyewe, huwa ninataja Ligi Kuu ya Ukraine ya mwaka 1992.

Wananchi wa Ukraine waliupigia kura uhuru wao tarehe 1 Desemba 1991, na mwezi huo haukuisha kabla Umoja wa Kisovieti haujavunjika. Ligi mpya ikakusanya timu 20: sita zilizotoka ligi kuu ya Kisovieti, zikiwemo Dynamo Kyiv na Shakhtar Donetsk, mbili za daraja lililofuata, na nyingine zote za chini zaidi.

Hesabu ilibana hapo. Timu 20 zikikutana nyumbani na ugenini, kila moja hucheza mechi 38, ilhali msimu ulianza Machi na ulipaswa kufungwa Juni ili ule wa pili uanze Agosti, kwa kalenda inayofuatwa na nchi nyingi za Ulaya. Ndiyo maana timu ziligawanywa katika makundi mawili ya timu 10, mechi zikawa 18 kwa kila timu, na vinara wa makundi wakakutana mara moja tu kuwania ubingwa. Timu sita zilishushwa daraja, zikapanda mbili, na ligi ikabaki na timu 16.

Dynamo, bingwa wa Kisovieti mara 13, iliongoza kundi lake bila nyota kama Oleksiy Mykhaylychenko na Oleh Protasov, ambao walikuwa wameshahamia nje. Kundi la pili liliongozwa na Tavriya Simferopol ya Krimea, klabu iliyokuwa imeonja ligi kuu ya Kisovieti msimu mmoja tu, 1981. Sikubaliani na wanaosema ilibahatisha, kwa kuwa kumaliza juu ya Shakhtar na Chornomorets Odesa si jambo la siku moja, na mshambuliaji wake Yuriy Hudymenko ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 12. Kama bahati ilikuwepo, basi ilikuwa katika mji wa Lviv, tarehe 21 Juni, pale Serhiy Shevchenko (asichanganywe na Andriy Shevchenko, nyota wa Ukraine wa miaka ya baadaye, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 15) alipofunga bao pekee la fainali dakika ya 75.

Ligi ilipochezwa kwa jedwali moja, Dynamo ilitwaa mataji tisa mfululizo, kuanzia 1993 hadi 2001, ingawa la kwanza kati ya hayo iliipiku Dnipro kwa tofauti ya mabao tu. Tavriya nayo ilikwenda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, ikaitoa Shelbourne ya Ireland, kisha ikafungwa nyumbani na ugenini na Sion ya Uswisi.