Choo cha kubebeka kwenye mashua ndogo ya tanga: maswali na majibu

Safari zetu ni za saa chache tu. Choo cha nini?

Kwa sababu watu hujizuia. Mtu akijua hana pa kujisaidia, huanza kunywa maji kidogo tangu asubuhi, tena juani na kwenye upepo. Jioni anashuka kichwa kinamgonga na mkojo umekuwa wa rangi ya chai. Kubana mkojo kwa saa nyingi pia huchangia maambukizi ya njia ya mkojo, na wanaoumia zaidi ni wanawake. Naye anayesimama ukingoni kukojolea majini, mkono mmoja uko kwenye zipu: wimbi dogo tu humwangusha.

Kuna aina gani zilizo rahisi?

Ipo ndoo imara yenye kiti na mfuniko, ambayo unaitandika mfuko na kunyunyiza unga wa mbao kila baada ya haja. Kipo pia choo cha matangi mawili: la juu lina maji safi ya kusukumia, la chini hupokea uchafu, na kati yake kuna kilango cha kuvuta kinachozuia harufu. Mimi napendelea hiki cha pili, maana hata mgeni mwenye haya hukikalia bila kusita.

Tangi la chini liwe la lita ngapi?

Hapa ndipo wengi hukosea. Yapo ya lita 10, yapo ya 20 na zaidi, na mnunuzi hukimbilia kubwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 20 likijaa, unapanda ngazi na zaidi ya kilo 20 za uchafu, kisha unavuka nalo kutoka mashua inayoyumba hadi gatini. Mtu mzima hukojoa kama lita 1 hadi 2 kwa siku. Ukiongeza maji ya kusukumia, watu wawili huweza kujaza lita 10 kwa siku mbili hivi. Chukua dogo, ulimwage mapema. Kabla ya kununua, jaza maji dumu la ujazo huohuo, ulipandishe ngazi kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia.

Likae wapi?

Karibu na katikati ya mashua, ambako mtikiso ni mdogo, na lifungwe sakafuni kwa mikanda.

Dawa ya kutia tangini je?

Epuka zenye formalini, kemikali kali ya kuhifadhia maiti. Huwasha macho na koo. Usitie dawa ya klorini kamwe, kwani ikikutana na mkojo hutoa gesi inayoumiza mapafu. Siku ya joto gesi hujaa tangini: mfuniko ukiwa umefungwa, vuta kilango kidogo ipumue, ndipo ukae.

Tumwage wapi?

Kwenye choo cha nchi kavu au kituo cha kupokelea maji taka, si bandarini wanakoogelea watoto. Kinyesi hubeba kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A. Vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni. Vitakasa mikono havimalizi virusi vyote vya kuharisha. Sabuni yenyewe ifunge kwa kamba kando ya choo, isiteleze na kupotea chini ya mbao za sakafu.