"Nipe majibu nikariri": upotofu kuhusu usaili wa udaktari nje ya nchi

"Shikamoo Mwalimu. Naomba maswali ya usaili pamoja na majibu yake nikariri." Ujumbe wa namna hii ni wa nne mwezi huu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Majibu hayo hayapo. Vyuo vingi vya udaktari Uingereza na Kanada vimeachana na ule usaili wa kukaa mbele ya jopo ukaulizwa kwa nini unataka udaktari. Vinatumia MMI, usaili wa vituo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unasimama nje ya mlango, unasoma kisa kilichoandikwa kwenye karatasi, kengele inalia, unaingia. Dakika chache baadaye inalia tena, unahamia kituo kingine kwa msaili mwingine asiyejua umetoka kufanya nini kule. Ukiboronga kimoja bado una nafasi, mradi usiingie cha pili ukiwa bado unakililia cha kwanza.

Juzi nilimpa mwanafunzi zoezi. Karatasi ilisema: umeazima kompyuta ya jirani, umeimwagia chai, na ndani mna kazi yake ya mwaka mzima, kamwambie. Jirani nikawa mimi. Akaingia, akavuta pumzi, akaanza: "Uaminifu na huruma ni nguzo za taaluma ya udaktari..." Nikamkatiza: "Kompyuta yangu iko wapi?" Akaendelea na nguzo ya tatu! Kurasa 12 alizokariri, na hakuna hata moja iliyomfundisha kusema "nisamehe, nimeiharibu". Msaili ana karatasi ya alama mkononi: amekiri kosa? Amemsikiliza mwenzake alipopandisha hasira? Hotuba haina kisanduku chake pale.

Kwenye maswali ya maadili ni hivyo hivyo. Binti wa miaka 15 anataka dawa za kuzuia mimba na hataki mzazi ajue. Ndiyo, soma kesi ya Gillick ya mwaka 1985, iliyoamua kuwa aliye chini ya miaka 16 anaweza kukubali matibabu mwenyewe akiwa anaelewa vya kutosha, maana ndiyo msingi wa jambo hili Uingereza. Lakini ukiitaja jina tu na kunyamaza, umefanya nini? Wanataka wakusikie ukipima: binti anaelewa anachoomba? Yuko salama? Kuna anayemlazimisha? Kisha ufike mahali, useme umefikaje.

Na tafadhali, acheni kufanya mazoezi mbele ya kioo. Kioo hakikatizi mtu. Tafuta shangazi mkali, mpe kisa, akukasirikie. Jirekodi kwa simu, halafu usikilize. Utaona aibu. Rudia.

Mengine nayamaliza haraka. UCAT, mtihani wa kujiunga na udaktari unaotakiwa na vyuo vingi vya Uingereza, si mtihani wa baiolojia. Unapima usomaji, mantiki, hesabu na busara katika kuamua, na sehemu ya usomaji peke yake ina maswali 44 kwa dakika 22. Sehemu ya maumbo iliondolewa mwaka 2025, kwa hiyo kile kitabu ulichorithi kwa kaka yako kina sura nzima ya kuruka. (Kikokotoo cha kwenye skrini kizoee kwa vitufe vya namba, kubofya kwa kipanya kunakula muda.) BMAT nayo, mtihani mwingine wa kujiunga na udaktari, msiniulize tena, ilifanyika mara ya mwisho 2023.

"Nikifeli nitarudia." UCAT hufanywa mara moja tu kwa msimu wa maombi, na matokeo yake hayahamii msimu unaofuata.

"Usilolijua liache wazi." Inategemea mtihani! UCAT haikati alama kwa kosa, kwa hiyo kuacha wazi ni kutupa bahati. IMAT, mtihani wa kujiunga na udaktari kwa Kiingereza Italia, ndiyo inayokata: sahihi 1.5, kosa unapoteza 0.4, wazi sifuri. Hata hapo, piga hesabu: majibu ni matano, ukiweza kufuta moja tu kwa uhakika, kubahatisha kati ya manne yaliyobaki kunaanza kukulipa.

"Nikimaliza sekondari naenda Marekani moja kwa moja." Kule udaktari kwa kawaida husomwa baada ya shahada ya kwanza na mtihani wa kujiunga uitwao MCAT, na vyuo vingi havipokei kabisa wanafunzi kutoka nje. Uliza hilo kabla hujalipia mtihani.

Lafudhi yako iache kama ilivyo. Punguza mwendo tu.