Maneno "mara kwa mara" katika makubaliano ya malezi

Katika kazi yangu ya usuluhishi wa kesi za familia hapa Nairobi, maneno yanayonisumbua kuliko matusi ni "mara kwa mara". Wazazi waliotengana huja na karatasi inayosema kwamba baba atamwona mtoto mara kwa mara, wote wawili wameitia sahihi kwa nia njema, kumbe mmoja alielewa kila wikendi na mwenzake akaelewa mara moja kwa mwezi.

Kuhusu nani anawajibika, sheria haina utata. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 imefuata msimamo huohuo. Sheria haitawapangia, hata hivyo, ni saa ngapi mtoto atachukuliwa.

Ndiyo maana huwaomba wazazi waje na kalenda ya shule. Tunagawa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na hasa Krismasi, kwa sababu bibi wa pande zote mbili humtaka mjukuu mashambani siku ileile. Ijumaa jioni huwa naikataa: mzazi anayetoka Rongai kwenda Kasarani atafika amechelewa, amechoshwa na foleni, na ugomvi utazuka langoni mtoto akisikiliza. Afadhali Jumamosi asubuhi, au mzazi amchukue mtoto shuleni moja kwa moja, mradi shule imejulishwa kwa barua ni nani anayeruhusiwa kumchukua.

Karo ilipwe kwenye akaunti ya shule, na matumizi mengine yatumwe kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki. Wala fedha zisifungwe pamoja na ziara. Mzazi akichelewesha matunzo, adaiwe mahakamani bila mtoto kuzuiwa kumwona. Vilevile aliyenyimwa ziara hana ruhusa ya kuacha kulipa. Hapa ndipo wengi hununa, hata mbele yangu.

Mkishaafikiana, makubaliano yanaweza kuwasilishwa katika Mahakama ya Watoto yarekodiwe kuwa amri, na kuanzia hapo anayeyavunja hajibizani tena na mtalaka wake tu. Kurasa mbili zinatosha, lakini wekeni kifungu cha kuyapitia upya, kwa maana ratiba iliyomfaa mtoto wa miaka mitatu haitamfaa akifika gredi ya nne na kuwa na mazoezi ya mpira kila Jumamosi.