Helmeti ya futiboli ya Kimarekani haikuundwa kulinda ubongo

Wengi wakiona helmeti za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, zile zenye vyuma mbele ya uso, hudhani mchezaji akishaivaa ubongo wake uko salama. Sivyo. Ganda gumu husambaza nguvu ya pigo ili fuvu lisipasuke, na kazi hiyo linaifanya vizuri. Ila ubongo unaelea ndani ya majimaji. Tikisa nazi: kifuu hakivunjiki, lakini maji ndani yanagonga huku na huku.

Mwanzoni helmeti zilikuwa za ngozi, laini, na NFL haikuzilazimisha hadi 1943. Za plastiki, zilizoletwa na kampuni ya Riddell mwaka 1939, zilikuja kuchukua nafasi yake. Uso ulibaki wazi. Novemba 1953 Otto Graham, mchezaji wa timu ya Cleveland Browns, alipigwa kiwiko mdomoni, akashonwa, kisha akarudi kipindi cha pili na kipande cha plastiki angavu kimefungwa mbele ya helmeti. Kocha wake, Paul Brown, akaagiza kinga ya kudumu: ufito mmoja tu. Baadaye fito ziliongezeka, hasa kwa wale wa mstari wa mbele wanaogongana kila mchezo.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa maoni yangu. Mtu asiyehofia meno yake hutanguliza kichwa, na helmeti ikawa silaha. Mwaka 1976 vyuo vya Marekani vilipiga marufuku kumvamia mpinzani kwa kichwa, na vifo uwanjani vilivyotokana na majeraha ya kichwa na shingo vikapungua sana.