Kebo ya CAT: kwa nini umbo la kichomeko peke yake halitoshi

Laptopu za siku hizi zina matundu mawili matatu ya USB, pengine na la HDMI, basi. Lile tundu la pini 9 lenye umbo la herufi D, lililokuwa mgongoni mwa kompyuta za miaka ya 1990 na skrubu zake mbili, limetoweka. Wengi hawakuona hata lilipoondoka. Sisi wa redio za ridhaa tuliona, kwa sababu redio haizeeki haraka kama kompyuta. Kenwood TS-2000 au Yaesu FT-817 iliyonunuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado inapiga kazi, na ukitaka iongee na kompyuta, inataka kuongea kwa mtindo wa zamani.

Mtindo huo ni siriali. (Hauhusiani na siri, ingawa nimeshaulizwa.) Biti zinapita kwenye waya mmoja, moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaovuka mto juu ya gogo. Kebo inayobeba mazungumzo hayo kati ya redio na kompyuta ndiyo watu huiita kebo ya CAT. Jina hilo Yaesu ndio wanaolitumia kwa redio zao, likazoeleka kwa redio za kila aina. Icom wao mfumo wao wanauita CI-V.

Kinachopita humo ni amri na majibu tu. Sauti haimo. Sauti ina kebo yake na kadi yake ya sauti, na wageni wengi huchanganya hapo: wananunua kebo ya CAT halafu wanashangaa mbona hawasikii kitu kwenye kompyuta.

Tuchukue amri moja. Ukiitumia TS-2000 maandishi haya, “FA00014074000;”, inahamia papo hapo kwenye 14.074 MHz, masafa wanayokusanyika watu wa FT8, mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi kwa redio na kompyuta. FA inataja kirekebisha masafa cha kwanza, tarakimu 11 zinazofuata ni masafa yenyewe kwa hezi, na nukta-mkato inasema nimemaliza. Kwa mwendo wa baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, kila herufi inabebwa na biti 10: nane zake mwenyewe, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Amri nzima ina herufi 14, kwa hiyo inapita kwa milisekunde kama 15.

Sasa shida yenyewe. Tundu lile la zamani lilifuata kanuni iitwayo RS-232, ambamo 1 ni volti hasi, kati ya -3 na -15, na 0 ni volti chanya, kati ya +3 na +15. Chipu nyingi ndani ya redio hazijui lugha hiyo. Zenyewe hutumia TTL, yaani 1 ni volti 5 na 0 ni sifuri. Tazama vizuri: si kiasi cha umeme tu kinachotofautiana, hata mwelekeo umepinduka. TS-2000 ina kigeuzi chake ndani, kwa hiyo mgongoni ina tundu halisi la RS-232. FT-817 haina. Tundu lake dogo la mviringo la pini 8 linatoa na kupokea TTL moja kwa moja. CI-V ya Icom nayo ni TTL, tena hupita kwenye kitundu kama cha hedfoni, na waya mmoja hutumika kwenda na kurudi.

Kwa hiyo mtu akinunua adapta ya USB kwenda RS-232, kisha akauunga waya wake mwenyewe hadi FT-817 kwa kuwa pini zimelingana, anaisukumia redio volti hasi ambazo haikuumbwa kuzipokea. Inaweza kuungua. Ikinusurika, bado haitaelewa kitu, maana kila 1 inaiona 0.

Na USB nayo si tundu la siriali lililobadilishwa sura. Kwenye USB kompyuta ndiyo mwenye kikao: kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Ndiyo maana katikati lazima kuwe na chipu ya kutafsiri, kama FT232R, CP2102, PL2303 au CH340, ambayo mara nyingi imefichwa ndani ya kile kichomeko kinene. Chipu hiyo, pamoja na draiva yake, inaifanya kompyuta ione tundu lisilokuwepo: Windows italiita labda COM5, Linux italiita /dev/ttyUSB0. Programu inaongea na tundu hilo bila kujua kwamba ni kiini macho.

Chipu hizi zinaghushiwa sana. Oktoba 2014 draiva mpya ya FTDI, watengenezaji wa FT232R, iliyokuja na masasisho ya Windows ilikuwa ikizifutia chipu bandia namba ya utambulisho na kuiweka sifuri. Kebo iliyofanya kazi jana, leo kompyuta haiitambui.

Kuna jambo lililonipata mwenyewe. Kebo yangu ilikuwa na waya wa ziada, RTS, wa kuiwasha redio irushe. Usiku mmoja nikawasha laptopu huku redio iko tayari. Windows ikiwa bado inaamka, taa nyekundu ya redio ikawaka yenyewe, na sindano ya nguvu ikapanda bila mimi kugusa kitu. Kompyuta ilikuwa imeinua RTS katika kujaribu vifaa vyake. Tangu siku hiyo nachomeka kebo baada ya kompyuta kutulia, na kurusha naachia amri ya CAT badala ya waya ule.

Redio mpya zimelihamishia jambo lote ndani ya boksi. Icom IC-7300, iliyoingia sokoni 2016, ina tundu la USB mgongoni, chipu ya siriali na kadi ya sauti ndani yake. Kebo ni ile ile ya printa. Ukichungulia kwenye kompyuta bado utakuta namba ya COM, na redio bado inaitikia CI-V kwa anwani yake 94h. Menyu yake ina kipengele USB SEND, cha kuchagua RTS, au DTR ambayo ni ishara nyingine kama hiyo, iiwashe irushe. Mimi changu kiko OFF.