Rivolva inayotumia risasi za bastola ya magazini: yasemwayo na yalivyo

Walinzi wa maduka ya dhahabu hapa Mwanza, na wafanyabiashara wa samaki wenye leseni pale Mwaloni Kirumba, wakiiona rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya milimita 9 huidhania silaha ya kuungaunga. Risasi ya bastola ya magazini, ile inayobeba risasi kwenye kasha ndani ya mpini, inafanya nini humo? Swali ni la haki, ila majibu mengi ya vijiweni hayana ukweli.

"Ni mtindo wa juzi tu." Hapana. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, bastola za magazini za M1911 hazikutosha askari. Kampuni za Colt na Smith & Wesson zikatengeneza rivolva za M1917 zinazotumia risasi ileile ya .45 ACP, nazo zikapita 300,000. Risasi ya aina moja ikalisha silaha mbili.

"Maganda hayatoki." Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Risasi ya kawaida ya rivolva ina ukingo uliotokeza kitakoni, na kisukuma maganda, kile chenye fimbo katikati ya silinda, hushika hapo. Ya magazini haina ukingo huo, ina mfereji tu. Dawa yake ni kibanio: bamba jembamba la chuma, la nusu duara kwa risasi tatu au duara zima kwa risasi zote. Risasi hukaa humo kwa mifereji yao, unazitumbukiza kwa mkupuo mmoja. Ukishapiga, unasukuma fimbo na maganda yanatoka yote yameshikana. Mwaka 1999 Jerry Miculek, mlenga shabaha wa Marekani, alipiga risasi sita, akajaza, akapiga sita nyingine, yote kwa sekunde 2.99, na rivolva yake ilikuwa ya .45 ACP. Bila kibanio nyingi bado hupiga, lakini utachokoa ganda mojamoja kwa kijiti. Smith & Wesson waliwahi kutoa modeli ya 547, ya milimita 9, isiyohitaji kibanio kabisa.

"Risasi fupi ni dhaifu." Ganda la risasi ya milimita 9 lina urefu wa milimita 19, la .38 Special, risasi ya kawaida ya rivolva, karibu 29. Hata hivyo shinikizo la risasi ya milimita 9 ni kama maradufu, maana .38 ilizaliwa enzi za baruti nyeusi. Tena ganda fupi hutoka lote hata kwenye rivolva ndogo yenye fimbo fupi.

"Rivolva haikwami." Imani hii ndiyo inayonitisha, kwa kuwa mtu ameikabidhi roho yake. Kibanio kikipinda kidogo, silinda hugoma kuzunguka, au pini hugonga bila nguvu. Kwenye rivolva nyepesi, mtikisiko unaweza kuchomoa vichwa vya risasi zilizobaki vikaziba mzunguko. Kwa hiyo kibanio kisichanganywe na funguo mfukoni, na anayeshinda kwenye unyevu wa ziwa akifute kutu. Kabla ya zamu, kilaze kikiwa kitupu juu ya kioo. Kikicheza upande wowote, kimepinda; kitupe, chukua kingine.